Adeer Anasema Usiandike, Mama Watoto Anasema Andika

Ndugu yangu wa Garissa,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili kalamu ilikuwa mkononi. Ukurasa wa kwanza unasema una silaha mbili za leseni: bastola uliyoiomba baada ya kuvamiwa ukitoka sokoni na pesa za ng'ombe, na bunduki ya marisau ya kulinda shamba lako la ndizi kando ya Mto Tana. Ukurasa wa tatu unasema mama watoto amechoka kulala nyumba moja na "vyuma vitatu". Hesabu yako imeongezeka njiani, na sidhani kama uliiona. Hicho cha tatu tutakifikia. Kwanza nilieleze lililokusumbua, ili wasomaji wengine wavute kiti wakae nasi.

Mkeo alikuomba uandike kila silaha uliyo nayo: ni ya aina gani, namba yake ni ipi, cheti chake kiko wapi, risasi ni ngapi. Ukaona ni jambo la maana, ukanunua daftari jipya, ukaandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza. Jioni hiyo adeer, baba yako mdogo, akapita, akaliona mezani, akauliza ni la nini. Ulipomweleza hakupaza sauti. Alikwambia tu kwamba huku kwetu mtu haandiki bunduki, kwa sababu siku malori ya askari yatakaposimama mlangoni, watakuwa na jina lako kwa mwandiko wako mwenyewe. Tangu siku hiyo daftari liko tupu, mkeo amenuna, na adeer kila akija kunywa chai anaitupia jicho meza ile. Unaniuliza: nikiandika, si ninajichongea?

Hujichongei. Ila adeer anastahili jibu refu kuliko hilo, kwa hiyo nianze na yeye.

Mzee wa umri wake, tena wa Garissa, ana haki kamili ya kuogopa orodha. Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, eneo lenu liliwekwa chini ya hali ya hatari, na sheria hizo hazikufutwa hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria sawa na za Mkenya wa Nyeri au Kisumu. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa na wakazi wakazuiliwa uwanjani. Februari 1984, kule Wajir, operesheni iliyotajwa kuwa ya kukusanya bunduki iliishia kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa huko, wakalazwa juani bila maji kwa siku kadhaa, na wengi hawakurudi nyumbani. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika wanataja maelfu. Kisha mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali peke yao wakaitwa kuhakikiwa uraia wao, wakapewa kadi ya waridi ya kutembea nayo. Na lile la soko la Suq Mugdi kuchomwa Novemba 2012 hata wewe ulilishuhudia ukiwa mtu mzima, tena mfanyabiashara.

Sasa tazama kitu kimoja katika habari zote hizo. Pale Wagalla hakuna aliyeulizwa, "Wewe binafsi una nini?" Ilitosha kuwa wa ukoo fulani, na mwanaume asiyewahi kushika bunduki maishani alilala juani sawa na aliyekuwa nayo. Adeer anakumbuka orodha ambazo wengine walimwandika yeye. Daftari lako ni kitu cha namna nyingine kabisa, kwa maana ndani yake unazungumza wewe, kwa jina lako, juu ya vitu vyako tu. Siku mtu akikwambia "ninyi watu wa huku mna bunduki," wewe utakuwa na ukurasa unaosema mimi nina hizi, nilizipata hapa, kwa ruhusa hii, na sina nyingine. Nakusihi ulielewe hilo hata kama adeer hatalielewa.

Jambo jingine nadhani hukulifikiria. Unaogopa kuiambia serikali kitu inachokijua tayari. Kupata ile bastola ulijaza fomu, ukaweka alama za vidole, ukachunguzwa na polisi, na jina lako likafika kwa Bodi ya Leseni za Silaha kule Nairobi. Kila mwaka unakwenda kuhuisha cheti. Serikali inaijua bastola yako kuliko anavyoijua mkeo! Yeye ndiye asiye na habari zake kamili, na yeye ndiye anayelala chumba kimoja nayo. Kwa hiyo mtu unayemficha kwa kuliacha daftari tupu ni mama watoto peke yake, na ukikaa kimya dakika moja utaona kwa nini amenuna.

Na wewe si mtu asiyejua kuandika. Umeniambia mwenyewe kwamba kwenye soko la mifugo hutoki bila kitabu chako: ng'ombe wangapi, wa nani, lori lenye namba gani, nani amelipa nusu na nani amekopa. Kwa ng'ombe wa mkopo unafuata ile aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inayowaamuru waumini wakikopeshana kwa muda waandike na waweke mashahidi. Ng'ombe akipotea umepoteza pesa. Bastola ikipotea, anayeipata anaweza kumuua mtu nayo, na namba iliyochongwa kwenye chuma itamrudisha mpelelezi hadi mlangoni pako. Nieleze basi kwa nini ng'ombe anaandikwa na bastola haiandikwi.

Tuchukue mwizi. Sheria ya Silaha, ile Sura ya 114 ya sheria za Kenya, inamtaka mwenye silaha aitunze mahali salama, na ikiibiwa au ikipotea aripoti polisi bila kuchelewa. Fikiria unasimama kaunta ya kituo saa tisa usiku, nyumba imevunjwa, mikono inatetemeka, na askari anakuuliza namba. Cheti kilikuwa ndani ya sefu ileile iliyobebwa. Utasema nini? "Ni nyeusi, ya Czech"? Mfugaji wa ngamia akipotelewa na mnyama huenda kisimani akataja chapa iliyochomwa shavuni, na watu wa kisima kizima wanajua ni ngamia gani. Namba ya silaha ndiyo chapa yako. Usipoweza kuitaja, ripoti yako inakuwa ya bastola yoyote iliyoibiwa popote, na baadaye ukisema ile iliyopatikana Modogashe ni yako, au si yako, neno lako halina pa kuegemea.

Halafu kuna mambo ya ofisini. Unakumbuka Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, alipotangaza kwamba kila raia mwenye silaha akaguliwe upya na vyeti vya zamani visihesabike tena? Wenye silaha walipewa siku 90. Aliyekuwa na kumbukumbu zake mahali pamoja alizibeba akaenda. Aliyekuwa na risiti kwa shemeji, cheti kwenye gari na namba kichwani alikuwa na siku 90 ndefu sana. Amri ya namna ile inaweza kutolewa tena wakati wowote, na huko kwenu, karibu na mpaka wa Liboi na kambi za Dadaab, bunduki isiyo na maelezo kamili huangaliwa kwa jicho kali kuliko popote nchini. Protokali ya Nairobi ya 2004, ambayo Kenya iliisaini pamoja na majirani, inazitaka nchi zetu zitie alama kwenye silaha na zitunze rekodi zake. Huo ni mzigo wa serikali. Lakini serikali nayo hupoteza mafaili, nawe ukiwa na nakala yako utakuwa na cha kuonyesha siku karani atakapokwambia hakuoni kwenye kompyuta.

Sasa kuandika kwenyewe, maana umeniomba nikuambie kipi kiingie.

Kila silaha ipewe ukurasa wake. Andika aina, kampuni iliyoitengeneza, modeli, ukubwa wa risasi zake, na namba kama ilivyochongwa, herufi kwa herufi, pamoja na alama nyingine yoyote iliyowekwa hapa nchini. Inakili kutoka kwenye chuma, usiinakili kutoka kwenye cheti, kisha uzilinganishe. Ikiwa kuna herufi moja inayotofautiana, nenda ukairekebishe bodini sasa, ukiwa mtu huru mwenye nia njema, kuliko kuja kuigundua kwenye kizuizi cha barabara ya Mwingi askari akiwa na tochi. Ongeza namba ya cheti na siku kinapoisha, duka ulikonunua, tarehe na risiti. Fundi akiifungua kuitengeneza, andika siku uliyompa na siku aliyokurudishia. Piga picha upande wa kulia na wa kushoto, uzichapishe, uzibandike.

Risasi zina ukurasa wao, na hapo nakuomba uwe makini kuliko kote. Cheti chako kinataja idadi unayoruhusiwa kuwa nayo. Wengi huihesabu bunduki na kuzisahau risasi, kisha siku ya ukaguzi zinatoka kwenye droo, mfuko wa koti na kisanduku cha gari, na zikijumlishwa zimezidi. Ukinunua andika. Ukienda kujifunza shabaha ukatumia ishirini, andika ishirini. Kazi hii inachosha, naijua, na ndiyo sababu mwisho wa mwezi uifanye siku ileile unapofunga hesabu za ng'ombe.

Usiandike namba ya siri ya sefu humo. Usiandike ufunguo unalala wapi. Na daftari lenyewe lisikae na silaha, kwa sababu mwizi mmoja atachukua vyote, na kwa sababu daftari likionekana na mtu mbaya linamwelekeza cha kuja kuiba. Liweke mahali pengine penye kufuli, nakala moja umwachie wakili ndani ya bahasha iliyofungwa. Kuhusu simu, ulisema unafikiria kupiga picha za kurasa na kumtumia kaka yako wa Eastleigh kwa WhatsApp "kwa usalama." La, tafadhali. Picha hiyo itakaa kwenye simu yake, kwenye simu ya mtoto wake anayechezea michezo, na siku simu ikiuzwa kwenye maduka ya mitumba itakwenda nayo.

Na mkeo? Aonyeshwe daftari, akae nawe mlisome ukurasa kwa ukurasa. Ufunguo wa sefu ni habari nyingine. Yeye hana cheti, na silaha yenye leseni ni ya aliyetajwa kwenye cheti peke yake. Haiazimwi, haiachwi kwa mke mume anaposafiri, na wala haigawanywi kama mali nyingine ya urithi. Kwa ajili ya siku ambayo wewe hutakuwepo, ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari uwe barua kwake. Umwambie: nikifa au nikilazwa nisijitambue, usifungue sefu, usimwite shemeji, mpigie wakili simu, naye awaite polisi waje wachukue silaha hizi na wakuandikie hati ya kuzipokea. Mwana wetu akitaka kuwa nazo, aombe cheti chake mwenyewe, naye achunguzwe kama nilivyochunguzwa mimi. Hadithi inamtaka Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Nakumbuka ulivyoandika kwamba hutaki hata kulifikiria jambo hilo. Mkeo amelifikiria. Nadhani ndilo alilokuwa akiliomba tangu mwanzo, akashindwa kulitamka waziwazi kwa sababu kwetu mwanamke anayezungumzia kifo cha mumewe huambiwa anakiita.

Haya, tufike kwenye chuma cha tatu.

Hukukieleza, ila kiko kati ya mistari. Mdogo wako ni polisi wa akiba upande wa Balambala. Akiingia mjini hapendi kutembea na ile bunduki yake ya G3 barabarani, kwa hiyo anaiacha kwako, na mara nyingine anakwenda Nairobi juma zima nayo iko nyuma ya kabati lako. Unaiona kama msaada wa ndugu kwa ndugu. Nakuheshimu kwa moyo huo, na sasa nitakwambia bila kuzunguka: bunduki hiyo isilale kwako hata usiku mmoja zaidi.

Si yake, sembuse kuwa yako. Ni ya serikali, aliyoisaini yeye kwa jina lake chini ya Polisi wa Akiba wa Kitaifa, na inasimamiwa na kituo kilichompa. Cheti chako cha bastola hakikupi ruhusa hata ya kuifuta vumbi. Sheria ileile ya Silaha inazitaja AK-47 na G3 kwa majina, na anayepatikana nayo bila idhini anakabiliwa na kifungo cha maisha. Hakimu hatauliza kama mlinyonya ziwa moja. Na polisi wakija wewe ukiwa mnadani, atakayejibu ni mama watoto, mwanamke uliyemnyima hata maelezo ya bastola.

Kwa hiyo usiiandike kwenye daftari, kana kwamba kuiandika kutaihalalisha. Ndugu yako akiwa mjini, mpigie simu leo aje aichukue mwenyewe, airudishe kituoni kwake na kupanga na wakubwa wake iwe inahifadhiwa wapi anapoondoka doria. Akiwa mbali, usiibebe wewe kuvuka mji, hata kama umeifunga kwenye godoro na dereva unamwamini. Ongea na wakili kwanza, kisha yeye na wewe mwende kwa mkuu wa kituo, OCS, mumweleze ilivyo, polisi waje waichukue. Najua utaona haya. Najua pia polisi wa akiba huko wamelinda vijiji na visima kwa miaka mingi bila mshahara, na kwamba ndugu yako hana kabati la chuma wala mahali pa kuiweka, na hilo ni kosa la waliompa bunduki bila kumpa pa kuihifadhi. Mlalamikieni mbunge, mlalamikieni kamishna wa kaunti. Lakini malalamiko hayo yafanyike bunduki ikiwa kituoni.

Adeer akija tena, usimnyooshee daftari ili ushinde mabishano. Mwombe akusimulie mwaka 1980 alikuwa wapi, usikilize hadi amalize, hata kama chai itapoa. Wazee wengi wa Garissa hawajawahi kuulizwa swali hilo na watoto wao. Baadaye, akikuuliza kama uliandika, mwambie ukweli kwamba uliandika, na kwamba humo ndani hakuna jina la mtu mwingine yeyote, wala lake, wala la ukoo. Nina hakika hilo ndilo analohofia zaidi. Asipokubali, mheshimu na uendelee kuandika; wewe ndiye uliyesaini cheti.

Umeuliza mwishoni kama uandike kwa Kiswahili au kwa Kisomali. Andika kwa lugha ambayo mkeo anaisoma kwa urahisi, na ile barua ya ukurasa wa kwanza iwe na nakala ya Kiswahili kwa ajili ya wakili na polisi. Na kwa kuwa umesema cheti cha bunduki ya marisau hukumbuki kinaisha lini, ukishamaliza na ndugu yako, ukurasa huo uwe wa kwanza kujazwa.